Landrova ya Werugha na Injinia Asiye na Spana

Gari likibadilishwa injini, breki, viti, taa na hata usukani, je, bado ni lile lile lililonunuliwa, au ni jingine lililorithi namba ya usajili tu? Wapenzi wa magari ya kale wamegombana juu ya jambo hili kwa miaka mingi, na msimulizi wa kisa hiki hathubutu kuwaamulia. Anachojua ni kwamba Nicholas Nzioka wa Voi alikuwa na jibu tayari, na jibu hilo lilibadilika kulingana na aliyeuliza.

Watu walimwita Injinia. Hakuna aliyewahi kumwona na spana mkononi, wala hakuwahi kumiliki chombo chenye magurudumu zaidi ya mawili. Lakini alivaa koti la kaki lenye kalamu nne mfukoni, na mjini Voi kalamu nne ni shahada ya kutosha. Alhamisi moja asubuhi alikuwa kibandani karibu na soko, akinywa chai ambayo mtu mwingine angeilipia, ndipo Landrova ya mwaka 1967 ilipoingia ikikohoa moshi wa buluu.

Lilikuwa gari lililokusanywa kama harambee: kila mtu alikuwa ametoa alichonacho. Injini ilikuwa ya dizeli, ya Kijapani. Breki za diski zilitoka kwa pikapu fulani iliyostaafu, viti vilitoka kwa matatu iliyofilisika, na taa za pembe nne zilikuwa zimeshindiliwa katika matundu ya mviringo kwa bidii ambayo si ya kawaida. Ni bodi peke yake, ya kijani kibichi kilichofifia, iliyokumbuka ilikotoka.

Nzioka aliweka kikombe chini. Siku mbili kabla, Bwana Hudson, mkusanyaji wa magari ya kale kutoka Nairobi, alikuwa amempigia simu. Alitafuta Landrova ya miaka hiyo iwe kama ilivyotoka kiwandani, kwa ajili ya mashindano ambayo waamuzi wake hukata alama hata kwa nati moja ya kigeni. Namba ya injini ilipaswa kulingana na ile iliyo kwenye kitabu cha gari. Angelipa vizuri, na angefurahi zaidi kama mwenye gari hangefahamu vizuri ni kiasi gani. Bwana Hudson alikuwa mtu wa heshima; kwa hiyo jambo kama hilo aliliita biashara.

Mwenye gari alikuwa Mama Teresia Wakio, mjane wa Werugha, mwenye kofia ya sufu na macho ya kuhesabu karoti. Lile gari la marehemu mumewe, Mwandawiro, ndilo lililobeba mboga na maziwa ya wanawake kumi na watano wa kikundi chake kutoka milimani hadi Voi, kila Jumatatu na Alhamisi. Wiki hiyo hiyo fundi Ndulu alikuwa amemwambia kwamba injini ya dizeli haitafika Krismasi. Gari likifa, kabichi zingeozea matutani, au zingeuzwa kwa madalali ambao bei yao ni tusi lililofungwa kwa karatasi.

"Shikamoo, mama," Nzioka alisema.

"Marahaba. Kabichi ni hizo, chagua."

"Sikuja kwa kabichi. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini? Nani amekufa?"

"Gari hii, mama. Imeuawa kidogo kidogo, na walioiua waliitwa mafundi."

Mama Teresia aliigeukia Landrova, akaitazama, kisha akamtazama yeye. "Imenileta leo na magunia kumi na manane. Kama imekufa, basi mzimu wake uko na nguvu."

Nzioka hakuvunjika moyo. Alieleza kwamba alitoka katika Chama cha Hifadhi ya Magari ya Kale, chama ambacho wakati huo kilikuwa na mwanachama mmoja na kiti cha chai kimoja. Alizungumza juu ya urithi. Alizungumza juu ya uasili, na kila alipolitaja neno hilo alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeonja asali. Chama kingelirudisha gari kuwa kama Mwandawiro alivyolinunua. Baadaye kingelichukua kwa maonyesho ya wiki mbili, pamoja na kitabu chake, kisha kulirudisha na cheti. Sehemu ya kurudisha ndiyo peke yake ambayo hakuwa ameipangia tarehe.

"Na kazi yote ni bure?" Mama Teresia aliuliza.

"Bure kabisa."

"Na spea za zamani hivyo utazitoa wapi?"

"Nitazitafuta hadi mpakani, mama."

Mama Teresia alipanga karoti ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Kuna mzee mmoja pale Bomeni, kule Taveta, anaitwa Festus. Ako na vyuma vya zamani. Lakini nakuonya, mwanangu, yule mzee ni mgumu."

Wagumu ndio riziki ya wajanja. Jumamosi Nzioka alikuwa Bomeni, mbele ya kibanda cha mabati kilichozungukwa na migomba. Mzee Festus alifunua gunia. Ndani yake kulikuwa na injini ya petroli ya Landrova, imepakwa grisi nzito na kufungwa kwa nailoni kama maiti ya mfalme.

"Hiyo siuzi," Festus alisema.

"Mzee, kila kitu kina bei."

"Ndiyo. Na hii bei yake itakuumiza, ndiyo maana nakuhurumia, siuzi."

Nzioka alicheka, akajadiliana kwa saa mbili, akashindwa kwa saa mbili. Alitoa fedha za malipo ya kwanza ambazo Bwana Hudson alikuwa ametuma. Wiki iliyofuata alirudi kwa breki za zamani, zile za dramu, na Festus akaeleza kwamba hizo zilikuwa za marehemu rafiki yake na kuachana nazo kulimtia majonzi. Majonzi yakaongezwa kwenye bei. Mara ya tatu alirudi kwa taa za mviringo, viti na usukani. Usukani ulikuja na hadithi ya safari ya Makwasinyi wakati wa mafuriko, na hadithi nayo haikuwa ya bure. Siku hiyo Injinia aliuza pikipiki yake na kurudi Voi akiwa amekalia magunia ndani ya lori la ndizi. Lakini alikuwa akiimba. Mtego mkubwa hutaka chambo kikubwa.

Katika gereji ya Geoffrey Ndulu, gari lilivuliwa kila kilichokuwa cha kigeni. Ndulu alikuwa fundi wa maneno machache na mikono mingi. Aliifungua injini ya petroli, akadai ringi mpya za pistoni, gasketi mpya, na matairi manne kwa sababu yale yaliyokuwepo yalikuwa laini kama sahani. Nzioka alilipa. Alijifariji kwa hesabu moja: breki za diski, viti vya matatu na ile injini ya dizeli, hata kama ilikuwa inakata roho, vilikuwa na mnunuzi Mwatate. Ijumaa alipokwenda kuvichukua, alikuta pembe ya gereji imefagiliwa safi.

"Ndulu, zile spea nilizotoa ziko wapi?"

"Zilipelekwa Werugha jana."

"Nani aliruhusu?"

Ndulu aliacha kufunga nati. "Injinia, spea ikitoka kwa gari, inarudi nyumbani na mwenye gari. Hata plagi. Asipoiona, atajuaje kama nilimbadilishia kweli? Watu wa Werugha nao ndio kabisa, ukikosa kuwapa nati iliyoisha, wanaita chifu. Hukujua?"

Nzioka, ambaye hakuwahi kumiliki gari, hakujua. "Sawa. Tumalize ile kazi nyingine. Leta vyuma vya kugongea namba." Kwa maana ilibaki hila moja: injini ya Bomeni ilipaswa kugongwa namba iliyo katika kitabu cha gari.

"Hiyo kazi mimi sifanyi."

"Basi nipe, nitagonga mwenyewe."

Hii ingekuwa mara ya kwanza kwa Injinia kushika chombo cha ufundi, na huenda historia ilisogea karibu ili ishuhudie. Alipangusa grisi ubavuni mwa injini. Aliinua nyundo. Kisha akaishusha, akafungua kitabu cha gari, akasoma, akaangalia injini, akasoma tena kwa kidole.

"Ndulu, njoo. Hii namba umegonga wewe?"

"Iligongwa kiwandani."

"Mbona ni ile ile?"

Ndulu alimtazama kwa huruma ambayo mafundi huwawekea wateja wasiojua kwamba wamesahau kutia mafuta. "Injini ilipotolewa, miaka ya tisini, unafikiri ilienda wapi?"

Ilichukua muda. Ilipofika, ilifika yote kwa pamoja: injini, dramu, taa, viti, usukani wenye hadithi. Kila kilichotolewa kwa gari lile kwa miaka thelathini kilikuwa kimerudi nyumbani Werugha, kikapakwa grisi na kuhifadhiwa. Na yeye, Nicholas Nzioka, alikuwa amelinunulia gari hilo viungo vyake lenyewe. Alipiga simu.

"Mama Teresia, huyu Festus wa Bomeni ni nani kwenu?"

"Ni shemeji yangu. Ndugu yake Mwandawiro. Kwani amekukosea?"

"Mbona hukuniambia kuwa spea ziko kwako?"

"Mwanangu, hukuuliza. Ulisema utazitafuta hadi mpakani, nikaona nizisogeze karibu na mpaka usije ukaonekana mwongo."

Injinia alikata simu na kukaa juu ya tairi jipya alilolilipia mwenyewe. Kwenda polisi hakungefaa. Angesema nini? Afisa, nilikuwa katika harakati za kuiba gari, nikauziwa injini yake. Hata hivyo mtu mwenye kipaji hakosi mwanga. Gari sasa lilikuwa la asili kweli, namba zinalingana bila kugongwa, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na bidhaa halisi ya kuuza. Jambo hilo lilimtia hofu kidogo, lakini alilizoea. Likitoka tu mikononi mwa Mama Teresia kwa jina la maonyesho, hasara yote ingefutika.

Bwana Hudson aliwasili Werugha Jumamosi, gari likiwa limesharudishwa huko, akiwa na kofia nyeupe na kamera. Alitaka kwanza kulipiga picha ndani ya ukungu, penye asili yake, kisha kuliendesha mwenyewe hadi Mwatate. Mbele ya nyumba ya Mama Teresia, wanawake wa kikundi walisimama wakilitazama gari lililokuwa likinguruma polepole, bila moshi.

"Ni lenyewe," Bwana Hudson alinong'ona. "Halijachezewa hata kidogo."

"Breki ndizo nawaambia," Mama Teresia alisema. "Hizo za zamani Mwandawiro alizitoa baada ya kuingia nazo kwenye ua wa kanisa Jumapili ya Matawi. Ibada ikiendelea. Kwa huu mteremko zinapata moto, zinasahau kazi. Wacha Ndulu arudishe za diski."

"Mama, uasili hauna nusu," Nzioka alisema, akafumba macho.

"Waamuzi wangetukata alama ishirini," Bwana Hudson aliongeza, akaketi kwenye usukani. Nzioka aliketi kando yake. Mama Teresia alisema yeye atateremka kwa miguu.

Kona ya kwanza waliipita wakisifu mngurumo. Kona ya pili waliipita wakisifu kidogo. Kabla ya kona ya tatu Bwana Hudson alikanyaga breki, nazo zikamjibu kama karani wa ofisi saa saba mchana: zilisikia, ila hazikuinuka. Nzioka, mhubiri wa uasili, alitamka ombi refu kwa ajili ya diski za pikapu iliyostaafu. Kwa busara ya ghafla Bwana Hudson alizungusha usukani upande wa mlima, gari likapanda tuta moja la sukuma wiki, likapanda la pili bila hamu, na kusimama limeinama kidogo. Hakuna aliyeumia. Kofia nyeupe ilikuwa ya kijani.

Wanawake walifika wakikimbia, wengine na majembe waliyokuwa nayo tangu asubuhi. Nyuma yao alifika Mama Teresia.

Bwana Hudson alishuka garini. "Nzioka, mpe mama malipo yake yaliyobaki tumalizane, hili gari nitalibeba kwa lori."

"Malipo gani?" Mama Teresia aliuliza. "Si linaenda maonyesho ya wiki mbili?"

"Wiki mbili? Huyu alisema umeshaliuza."

Macho yote yalimgeukia Injinia. Alilitazama jembe lililokuwa karibu zaidi, akakumbuka kikao muhimu mjini Voi, akarudisha kitabu cha gari kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka, na kushika njia ya Wundanyi kwa miguu. Alitembea haraka, wima, kwa heshima zote. Msimulizi anamsifu kwa hilo.

Bwana Hudson alivua kofia. Alikuwa mtu wa biashara, na sasa aliijaribu ile ya wazi. Alitaja bei halali, mbele ya wote, na ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwanamke mmoja aliketi chini juu ya tuta. Sharti lilikuwa moja: gari libaki kama lilivyo, hadi breki.

Mama Teresia alilizunguka gari mara moja. Aligusa taa ya mviringo, akapangusa jani la sukuma wiki kwenye kioo, akawatazama wenzake kumi na wanne.

"Sikilizeni nyote, nisirudie," alisema. "Gari siuzi. Injini ya Mwandawiro inabaki, taa zake zinabaki, na hiyo rangi hakuna atakayeigusa. Breki za diski zinarudi leo, na viti vya matatu vinarudi pia, kwa sababu migongo yetu haikutengenezwa mwaka wa 1967. Bwana Hudson, waambie waamuzi wako wakate alama wanazotaka. Sisi Jumatatu tunapeleka kabichi Voi."