Magoti ya Telesphor na Skimu ya Bwana Osward

Mheshimiwa Mwakilishi wa Bwana Disii, mkuu wetu wa wilaya, ambaye mwenyewe amepata udhuru, waheshimiwa majumbe, waheshimiwa mapadri na mashehe, wazee wa Majengo, mama zetu, wafuga nyuki mliotoka Ugalla kwa baiskeli, na ninyi mliokuwa mnapita tu kwenda sokoni: mimi, Osward, Katibu Msaidizi wa Kudumu wa Komiti Ndogo ya Michezo, Ustawi na Mambo Yanayofanana na Hayo, nawasalimu. (Makofi, hasa ya karani wake.)

Mwaka huu wa 1956 tumekutana kujibu swali zito: kwa nini nyota wa mpira wa kikapu akianza kuota mvi hapati timu? Mtazameni Telesphor hapo mbele. Ujanani alipokuwa akirusha mpira, hata mapadri waliomfundisha walisahau rozari wakabaki kumwangalia. (Vigelegele.) Leo timu ya mgodini imemwambia awapishe vijana, timu ya misheni imemwambia aokote mipira, na mikono bado inamwasha kila asubuhi. (Telesphor: "Mwaka mmoja tu, Bwana Osward! Magoti haya yamebakiza mwaka mmoja!") Nimekusikia, ndugu. Kaa chini, usiyamalize.

Uchunguzi wa ofisi yangu, nilioufanya mwenyewe nikiwa nimekaa kama inavyotakiwa kisasa, umebaini kwamba asilimia themanini na tatu ya nyota wazee wanasumbuliwa na magoti, asilimia sitini wanasumbuliwa na kocha waliyemfundisha wao wenyewe kudunda mpira, na waliobaki wana wake wasiopenda upuuzi. (Kicheko. Kasilda, mke wa Telesphor: "Hapo umesema!") Jumla inapita mia, na huo ndio ushahidi kwamba tatizo ni kubwa. Tena kocha kijana hamtaki mzee, kwani mzee akiambiwa kimbia anauliza kwa nini.

Ndipo kwa busara yangu, ambayo sipendi kuisema lakini lazima isemwe, nikabuni Skimu ya Timu ya Wakongwe, na kiangazi chote wakongwe wetu wamefanya treningi ya hali ya juu: kukanyaga udongo kwa ajili ya magoti, kufyatua matofali kwa ajili ya mgongo, kurushiana matofali hayo kwa pasi za kifua, na kupandisha mabati kwa ajili ya kuruka. (Makofi machache. Sauti: "Na mpira tutauona lini?") Mpira uko kwenye plani. Wapinzani nao wako kwenye plani. Telesphor aliitwa Karema akachezee timu ya kule, akakataa kwa ajili ya skimu hii! Huyo ndiye mtu mwenye imani. (Telesphor anainamisha kichwa.)

Wakongwe! ("Juu!") Magoti! ("Juu!") Skimu! (Sauti: "Mpira!")

Namalizia kwa shukrani. Jana mke wangu Klementina alihamia katika nyumba iliyotokana na treningi hiyo, vyumba vinne, haivuji hata tone, na mpira haukuhitajika kabisa. Kwa kweli haukuwahi kuagizwa, wala hiyo timu haikuwahi kuandikishwa mahali popote. Nani tena atasema wazee wetu hawawezi kazi?

(Telesphor anasimama. "Kumbe ilikuwa kazi?")

Kazi, tena safi!

("Mwaka wangu wa mwisho nimeukanyaga kwenye udongo wako, Osward, na inaniuma. Umetuitia treningi ili usitupikie pombe. Sasa umesema mwenyewe ni kazi, na huku kwetu aliyeitiwa kazi hunyweshwa. Mwenye nyumba asipotoa pombe, walioijenga hukaa humo mpaka itoke. Jamani, twendeni!" Kasilda anajitwika mkeka. Watu wote wanainuka.)

Ndugu wananchi, sijafunga mkutano! Klementina yuko peke yake kule! Pombe ya watu wote hawa huiva kwa wiki nzima!

(Kasilda: "Tutangoja. Nyie wanaume, chukueni na sufuria.")

Basi asanteni kwa mahudhurio yenu mazuri. Karani, andika kwamba mkutano umefungwa kwa amani. Karani? Na wewe unakwenda wapi?

(Karani, kwa mbali: "Mimi nilibeba maji!")