Malalamiko Dhidi ya Mashine Iliyokihoji Kisogo Changu

Kwa Mganga Mkuu,
Kliniki ya Macho.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: MASHINE YENU ISIYO NA ADABU

Salamu nyingi na pole ya kazi. Mimi ni yule kinyozi wa kona ya pili kutoka getini kwenu. Wiki iliyopita mlinipima umeme wa macho, mkasema nina presha ya macho: kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone, na wembe niuweke chini kwanza. Niuweke chini! Nile nini, povu? Hasira zangu nimeona niziandike kabla hazijanipandishia na presha ile nyingine.

Malalamiko yenyewe:

1. Nilikuja na macho, binti wa mashine akanibandika waya kisogoni. Daktari, visogo nimenyoa tangu ujana wangu, vya mabwana harusi na vya mahabusu, na sijakuta hata kimoja kinachoona. Eti picha hufika huko nyuma. Picha imefuata nini huko?

2. Nikakalishwa mbele ya skrini yenye miraba myeusi na myeupe inayobadilishana nafasi bila kutulia. Hakuna aliyeniuliza ninaona nini. Ule ubao wenu wa herufi ni muungwana: unamuuliza mtu, mtu anajibu. Nami huujibu wote bila kukosea, maana nimeukariri. Mashine hii inamruka mwenye macho, inakwenda kuyahoji macho yenyewe pembeni. Huo ni umbea.

3. Imesema macho yangu yanachelewa kujibu. Yanachelewa, au yana busara? Mtu mzima akiulizwa haropoki. Binti akaeleza kwamba kuchelewa kidogo ni umri, ila mimi nimepitiliza umri. Basi nimewazidi wenzangu hekima, nipongezwe.

4. Hili ndilo lililoniuma hasa. Mlitafuta mtu mzima mwenye macho salama wa kulinganisha naye, na mke wangu, aliyenisindikiza tu, akajitolea. Ananizidi miaka, jambo tulilokubaliana lisisemwe. Macho yake yakajibu upesi! Sasa nikisema balbu imefifia, anacheka tu. Nyumba haikaliki.

5. Wateja wangu hamkuwauliza. Wananiheshimu kuliko zamani! Siku hizi kila anayeketi kwenye kiti changu, nikifika kushoto, hulishika sikio lake na kulikunja, kwa adabu, bila kuambiwa. Nani humpa asiyeona heshima hiyo?

Kwa hiyo naomba mashine ifundishwe kubisha hodi, majibu yangu yafutwe, na ya mke wangu yapunguzwe kidogo kwa ajili ya amani ya nyumba.

Nisalimie wauguzi wote, na mlinzi wa getini, mwambie aje, ndevu zimemzidi. Binti wa mashine sina kinyongo naye.

Ni mimi niliyevunjiwa heshima,
Fundi Wembe

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha, shemeji akaja kunyolewa. Naye kashika sikio. Nikamsifu kwa malezi mema. Akasema yote. Kumbe nilimkata mteja wangu mmoja, fundi viatu, sikio, naye akanidanganya kwamba alijikwaruza mlangoni. Tangu hapo wateja wameambizana: upande wa kushoto sioni, kila mtu ashike lake. Hakuna aliyetaka kuniambia, wala aliyehamia kwa kinyozi mwingine. Daktari, nililia.

Wembe nimempa shemeji. Nimemwambia aanze na kisogo changu, ili kesho nikija kupimwa tena waya zishike vizuri. Alipofika kushoto nililishika sikio langu mwenyewe, maana yeye bado anajifunza.