Fundi Cheche na Kizimba Kisicho na Mlango

Nyamazeni, enyi mlioketi na enyi mlioegemea ukuta! Anayetafuna ameze, anayekoroma atikiswe, kwa maana yanakuja masimulizi makuu, makuu kuliko vita vyote mlivyowahi kuhadithiwa na watu ambao hawakuvipigana. Mtasikia habari za Fundi Cheche, mchomeleaji wa mageti, mshika moto kwa mkono mtupu, ambaye nyusi zake zimeungua mara nyingi kuliko zilivyoota, jinsi alivyomvusha paka mmoja hadi ng'ambo, na dunia ikabaki vilevile ilivyokuwa.

Paka huyo aliitwa Meneja, kwa sababu alilala mchana kutwa, hakuna aliyejua kazi yake, na kila mtu alimwogopa. Alikuwa paka wa mkewe Cheche. Mke huyo, muuguzi, alikuwa ametangulia ng'ambo kikazi, mwaka mzima ukapita, na vibali vya mumewe vilipotoka alipiga simu akatoa amri isiyoacha upenyo.

"Baba watoto, njoo na Meneja. Ukija bila yeye, pitiliza."

"Nipitilize niende wapi?"

"Huko meli inakoelekea."

Nchi hiyo ya ng'ambo haikuwa na kichaa cha mbwa, na iliulinda usafi wake kama bahili anavyolinda mfuko. Basi Meneja akachomwa chanjo, akatolewa damu ikapimwa, akapachikwa chini ya ngozi ya mabega chipu ndogo kama punje ya mchele, yenye nambari yake mwenyewe; heshima ambayo Cheche hajawahi kupewa na serikali yoyote. Hata siku ya kuagana ilipofika, daktari wa mifugo akanena sharti la mwisho.

"Fundi, kizimba kikishafungwa, kisifunguke mpaka mfike. Kikifunguka njiani, hapokelewi."

"Kisifunguke?"

"Hata kidogo."

Ole wake amwambiaye mchomeleaji wa mageti maneno hayo! Mwingine angenunua kufuli. Lakini Cheche hakuamini kufuli. Watu waliovunjiwa kufuli ndio waliomlisha miaka yote. Alichukua nondo na wavu wa chuma, akaunda kizimba ambacho simba angekiona angeomba radhi, akamwingiza Meneja, akamfunika kwa gunia lililoloweshwa maji, akauchomelea mlango pande zote. Akaacha tundu moja tu la kupitishia chakula, mkono unaingia mpaka kiwiko. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akaitazama kazi yake, akaiona njema.

"Mzee, humu kuna paka au kuna benki?" aliuliza mpagazi wa bandarini walipofika ng'ambo, mishipa ya shingo ikimtoka.

Hivyo ndivyo shujaa alivyoingia katika chumba cha karantini, chumba cheupe chenye harufu ya dawa, ambamo Afisa wa kike, mlinzi wa lango, mvaa glavu ndefu, alisimama na mashine ya kusomea chipu mkononi kama mwenye upanga.

"Mtoe nimsome."

"Hatoki."

"Ni mkali?"

"Mkali ni mkali. Ila hata angekuwa mpole, hatoki. Mlango hakuna."

Afisa akakizunguka kizimba, akakizunguka tena kwa upande wa pili. "Mlango uko wapi?"

"Ulikuwa hapo."

"Ulikuwa?"

"Niliambiwa kisifunguke."

"Mzee wangu, huko kwenu kufuli haziuzwi?"

Cheche akakitutumua kifua, akahutubu. "Dada, kufuli ni kubembeleza. Mimi sibembelezi chuma! Nileteeni grenda, nami nitakifungua mbele ya macho yenu, na mtasimulia!"

"Humu hakurushwi cheche, kuna mitungi ya gesi. Na fundi wa bandari ameshakwenda kwake. Sikiliza, mzee. Paka asiyesomeka hapokelewi. Meli inaondoka jioni hii. Asiposomeka, anarudi nayo."

Cheche akageuka kwenye dirisha la kioo. Ng'ambo ya kioo, katika ukumbi wa kungojea, alisimama mkewe, amevaa sare ya kazi, amekonda kidogo, simu mkononi. Hakumtazama mumewe. Alikitazama kizimba. Cheche akajua, kwa yakini ya wanaume waliooa zamani, kwamba paka akirudi, harudi peke yake.

Ndipo vita vikaanza. Afisa alizamisha mkono tunduni, lakini Meneja alikuwa amejibana kona ya mbali, na mashine haikumfikia. Wakamtupia samaki, akamtazama samaki kama mtu anayesoma barua ya maombi ya kazi. Cheche akaita, "Meneja, njoo baba, njoo mkubwa wangu," akaimba, akapiga magoti. Meneja akafumba macho. Wapagazi wakakiinamisha kizimba. Meneja akang'ang'ania wavu kwa kucha, akairarua glavu ya Serikali. Nje, meli ikapiga honi.

Hapo shujaa akakumbuka jambo lililokuwa likimuudhi miaka yote. Kule nyumbani, mama watoto alipoanza kumgombeza, Meneja aliamka hata kama usingizi umemzidi, akaja kukaa mbele kabisa, akasikiliza mpaka mwisho. Cheche akatoa simu.

"Mama watoto, nigombeze."

"Umesemaje?"

"Nigombeze. Usibakize."

"Hivi umechanganyikiwa? Nimesimama hapa miguu imevimba, watu wanachukua mizigo yao wanaondoka, wewe umeganda humo na sanduku kama la kufungia jini! Na nimeliona, halina mlango! Mtu mzima, una wajukuu, unamchomelea paka kama tangi la maji!"

Cheche akafungua spika, akaiweka simu ubavuni mwa tundu. Sikio la Meneja likageuka. Kisha, taratibu, kama mtu aliyeitwa kikaoni, akanyanyuka, akaja, akaketi akiielekea simu, mabega yake yakalielekea tundu. Afisa akazamisha mkono.

Tiii.

"Ni yeye," akasema Afisa.

Zipigwe ngoma, yasimamishwe magari! Siku hiyo na ikumbukwe kuliko siku za wafalme, maana paka alisomeka. Meneja akachukuliwa pamoja na kizimba chake akaanze karantini katika chumba chenye feni, na kesho yake fundi wa bandari alikikata kizimba kumtoa humo mpaka matusi yakamwishia.

Lakini jioni ile simu ilikuwa bado inanguruma. "Na hilo shati! Nani kakwambia usafiri na hilo shati?"

"Mzee, tumemaliza," Afisa akasema. "Mwambie mama aache."

Cheche akazima spika, akaiweka simu sikioni, akafumba macho. Mwaka mzima alikuwa amekaa katika nyumba iliyo kimya na paka asiyemsemesha.

"Mwache kidogo," akasema. "Hajafika kwenye viatu."