Mbwa wa Mama Neema

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya watu, na hakuna aliyenishika mkono.

Wanaonijua wanajua kazi yangu. Nina malewa, mgahawa mdogo hapa mtaa wa Mapendo, meza nne na benchi moja, na wateja wangu wengi ni watu wa ofisi wanaoogopa miiba. Kwa hiyo samaki wa Vitshumbi, kule ziwani, akifika kwangu, namtoa kichwa na mfupa wa mgongo akiwa bado mbichi, nakaanga nyama tupu. Pembeni naweka sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Hiyo sombe inasifiwa hadi mtaa wa Birere. Watu wakiniuliza nimetia nini, nasema ni mkono tu. (Mkono, pamoja na poda ya samaki ninayoinunua sokoni huko Birere kwenye vifuko vyenye uzi mwekundu. Nilidhani ni sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliosagwa. Kifuko nakificha ndani ya fundo la kitenge, kiunoni. Mkono nao una haki ya kusaidiwa.)

Asubuhi Muzee Bahati alikuja kuonja. Anamwoza binti yake mwezi ujao, na akiridhika, sombe ya arusi nzima ni yangu. Kazi hiyo nimeitaka mpaka naiota. Alimaliza sahani ya kwanza, akaomba ya pili. Nikaanza kuhesabu masufuria ya kuazima.

Ndipo akaingia Mama Neema na beseni lake.

Huyu ni jirani yangu, tumetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Mpole, hasemi sana. Kila asubuhi anakuja kuchukua vichwa na mifupa niliyotoa. "Ni ya imbwa," anasema, nami nampa, kwani vikikaa vinanuka. Leo Muzee, kwa kupitisha muda tu, akamuuliza: "Mama, imbwa yenu iko ya rangi gani? Sijaiona hata siku moja."

Mama Neema akaangalia beseni. "Iko nyeusi," akasema. Akafikiri. "Na nyeupe kidogo."

Akaondoka haraka.

Mimi moyo ukaingiwa na mdudu. Mbwa gani huyo? Sijawahi kumsikia akibweka. Wezi walipoingia kwao wakabeba redio, alinyamaza. Na beseni zima la mifupa kila siku, mbwa angekuwa mkubwa kuliko ng'ombe. Nikakumbuka pia moshi unaotoka kwao kila mchana, na kishindo cha kinu. Nani anamtwangia mbwa?

"Muzee," nikasema, "huyu mama anatufichaka kitu."

"Lete sombe kwanza," akanijibu.

Sikuleta. (Kama ningekaa chini hapo, leo ningekuwa na heshima yangu.) Nikamwambia anifuate awe shahidi, asije akasema baadaye kwamba sikumlinda na watu wabaya. Akainuka shingo upande. Wateja wawili nao wakaacha sahani zao wakatufuata, hata sikuwaalika.

Nikachungulia kwenye nafasi kati ya mbao mbili. Sufuria kubwa ilikuwa inatokota. Mifupa yangu, naijua, ilikuwa imeanikwa juu ya wavu. Wanawake wawili walikuwa wanatwanga, na Mama Neema anachekecha unga mweupeupe. Mbwa hakuna, wala kamba ya mbwa.

Damu ikanipanda. Kumbe anawauzia watu mifupa! Na mtu akiumwa tumbo, wataulizana imetoka kwa nani. Kwangu. Arusi ya Muzee ingeishia hapo hapo.

Nikaingia bila kupiga hodi. "Mama Neema, imbwa iko wapi?"

Akasimama, mikono imejaa unga. "Hakuna imbwa."

"Na hii yote ni ya nani?"

"Ni ya batu."

"Muzee, umesikia? Miye nampa ya imbwa, yeye analisha batu takataka!"

Nilikuwa sijamaliza. Nikafungua kitenge ili nikikaze vizuri kiunoni, maana ugomvi wa kweli hauanzi na kitenge kimelegea. Fundo likafunguka. Kifuko changu kikaanguka chini, mbele ya miguu ya Muzee, karibu na mkeka uliojaa vifuko vya namna ileile. Uzi mwekundu. Vyote.

Wanawake wakaweka michi chini.

Mama Neema akakitazama changu, akanitazama mimi. "Mama Riziki," akasema polepole, "ile ni ya kwangu. Natumaka Birere."

Nikanyoosha mguu nikifunike kifuko. Nikachelewa.

Muzee akainama, akakiokota, akachovya kidole, akalamba. Akafunga macho. Nilimwomba Mungu Muzee asiwe na ulimi. "Ni yenyewe," akasema. "Ni ule mukono."

Wateja wangu wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta.

Nikamuuliza Mama Neema, sasa kwa sauti ya mtu mgonjwa, kwa nini alinidanganya kuhusu mbwa.

"Ningesema ni ya chakula, ungenipa? Ungenicheka, avenue yote ingesikia." (Kweli tupu. Ningemcheka mpaka Jumapili.) Akatuonyesha: wanaosha, wanatokosa mpaka mfupa unalegea, wanakausha, wanakaanga, ndipo wanatwanga. "Ya kwanza inaenda mu uji ya batoto bale banapimwa kilo ku santre ya afya. Inabatia nguvu mu mifupa. Inayobaki ndiyo nauzisha ku soko."

Yaani nimekuwa nikitupa mifupa asubuhi na kuinunua jioni. Na kujisifia mchana.

Muzee Bahati akajipangusa kidole. Nikangoja aniambie arusi nimeikosa.

"Sombe ya arusi utapika weye," akasema. "Lakini Mama Neema atakaa pembeni ya sufuria, batu bamuone. Na ile mifupa, tangu kesho, utamuletea weye mwenyewe."

Nimekubali. Beseni langu nimeshaliosha, liko hapa mlangoni linanisubiri.

Nyie wateja wangu mnaosoma hapa, mbwa aliyekuwa anakula ile mifupa miezi yote hii ni sisi. Kesho mkija kula, ombi langu ni moja: asibweke mtu.