Shimo la Mbele ya Kwangu Lisizibwe

Kwa Bwana Sheha,
Kiembe Samaki, njia ya ndani.

Assalamu alaykum. Kwanza unisamehe kwa kuchelewa kuandika. Nilikusudia tangu mvua ya kwanza ya masika, lakini mwanangu mdogo Suhail anaota meno, na akilala yeye nami naanguka hapohapo. Barua hii nimeianza mara nne. Ukiona doa, ni la uji.

Nasikia vijana wa barabara watakuja Jumatatu kuliziba shimo lililo mbele ya nyumba yangu. Bwana Sheha, nnakuomba kwa heshima zote uwazuie. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kabla ya shimo, gari zinazowahi uwanja wa ndege zilipita hapa kama kwamba zenyewe ndizo zitakazoruka. Mwanangu mkubwa, Tahiya, wa darasa la kwanza, huvuka njia hiyo kwenda skuli. Mwaka jana tulikuomba matuta, ukatwambia tuwe na subira. Tukawa nayo. Mwaka huu mvua ikanyesha siku mbili tu, tukapata shimo. Halikuitisha kikao wala halikula halua ya mtu.

2. Shimo halijui mkubwa. Gari yenye vioo vyeusi inapunguza mwendo. Hata Simai wa bodaboda, ambaye hajapata kumwamkia mtu tangu anunue pikipiki, sasa akifika hapa anakwenda taratibu hadi inambidi aseme, "Shikamoo Bi Mwatima." Bi Mwatima, jirani yangu, siku hizi hukaa nje makusudi aitikie marahaba zake. Mkiziba, atarudi ndani.

3. Ili watu walione, nilichomeka kijiti cha mbono, nikakifunga mtandio wangu mwekundu, kama tufanyavyo sote. Nilisahau kuwa masika haiachi kijiti. Kimeshika mizizi, kina majani saba. Sasa mnataka kumng'oa askari pekee wa usalama barabarani tuliyenaye, tena mwenye sare, na asiyeondoka kwenda kunywa chai.

4. Kwa hiyo naomba shimo hili liajiriwe. Lipewe barua, na likizo yake wakati wa kiangazi, maana hapo hukauka na kuchoka kama sisi wengine. Likienda likizo, lichimbwe jengine la kukaimu. La pili lichimbwe mbele ya chuo cha Kurani, la tatu sokoni, na yakizidi, yapelekwe Makunduchi kwa dada yangu Saadiya. Njia ya kwao imetiwa lami mpya, maskini, hana hata kishimo.

Mume wangu Hamid, fundi mwashi huko Fumba, anasema nimechanganyikiwa kwa kukosa usingizi. Nimemwambia yeye anajenga nyumba za watu, mimi nnawalinda wa nyumba hii.

Nakuachia hapo, kwa matumaini na macho mazito. Nisalimie Bi Shahida na watoto, na wazee wote wa barazani kwako, hata yule aliyesema wanawake wa mtaa huu tunapenda kuandika.

Mimi mkaazi wako,
Riyama, mama Tahiya.
Nyumba ya geti la buluu. Usipoliona geti, utaliona shimo.

Tanbihi: Barua nilikuwa nshaikunja. Mchana huu imekuja gari ambayo dereva wake analijua shimo. Hakupunguza. Amelikwepa, akapandia ukingo wa baraza yetu, pale pale nilipomfundisha Tahiya asimame angojee gari zipunguze. Alikuwa amesimama pale, kwa sababu ni mtoto anayesikia. Ameruka. Alhamdulillahi hana hata mchubuko, ila kiatu kimemvuka kikaingia shimoni, nami nimetia mkono mpaka kwenye kiwiko sikukipata. Ameniuliza, "Mama, kesho nsimame wapi?" Nikaikunjua tena barua.

Basi yote ya hapo juu uyasamehe. Jumatatu ni mbali. Nnaomba uniletee kesho: kifusi gari moja, matuta mawili, moja kabla ya geti letu na moja baada yake, rangi nyeupe ya mistari ya kuvukia, Hamid atapaka, na kiatu cheusi cha skuli, namba ishirini na nane, cha kushoto. Cha kulia anacho.