Siku Niliyomshtaki Mfalme

Jumanne. Huku Suji mlimani ukungu mzito asubuhi. Same bondeni jua la kupasua kichwa.

Leo nimeaibika bomani, mbele za watu.

Tulikwenda kudai haki ya mguu wa kaka Eliamani. Lori la serikali lilimgonga pale Same wakati wa mavuno. Goti halikunjiki tena, na shamba la mteremkoni halilimwi kwa mguu mmoja. Familia ilinichagua mimi niseme kwa kuwa nimefika darasa la nne. (Walikosa mwingine.)

Gari jingine la kushuka hakuna. Tukapanda lori lile lile! Dereva ni yule yule, Zakaria wa Vudee. Alimpandisha kaka kwa kumbeba mgongoni. Niandike haki: siku ya ajali ndiye aliyemkimbiza hospitali, huku analia. Na breki alishawaambia wakubwa wake kuwa ni mbovu. Wakamwambia endesha hivyo hivyo.

Zamu yetu ikafika. Karani akauliza, "Unamshtaki nani?"

Nilikuwa nimelifikiri njiani. Kwetu ng'ombe akila mahindi ya mtu, anayeshtakiwa ni mwenye ng'ombe, si mchungaji. Na mlango wa lori umechorwa taji. Nikavuta pumzi.

"Mfalme."

Karani akaweka kalamu chini. "Mfalme wa Uingereza?"

"Ndiye mwenye gari."

"Alikuwepo Same siku hiyo?"

"Mimi sikumwona." (Sipendi kumsingizia mtu.)

Benchi zima likaangua kicheko! Mzee mmoja wa Kihurio alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Kijana, na mkewe umwite, awe shahidi!"

Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, akatoka kuuliza kuna nini. Akaelezwa. Hakucheka. Heri angecheka.

"Mfalme hakosi," akasema polepole. "Na serikali haishtakiwi mpaka serikali yenyewe itoe ruhusa. Mshtaki dereva."

"Yaani mchungaji?" nikaropoka.

"Kumbe na kanisa limo!" akasema karani. Benchi likaanza upya. Nilitamani ardhi inimeze.

Karani akashika kalamu. "Haya, jina la dereva?"

Dirishani nilimwona Zakaria akitandika magunia ndani ya lori, kaka apate pa kulaza mguu. Kaka akaniwahi kujibu.

"Andika kwamba tunaomba hiyo ruhusa."

"Jibu litatoka Dar es Salaam, mzee. Laweza lisitoke."

"Andika tu. Mguu hauendi popote."

Hapo hakuna aliyecheka. Karani akaandika.

Kwenye kona za kupandia Zakaria akauliza, bila kututazama, "Mmemshtaki nani?"

"Mfalme," kaka akamjibu.

Akasimamisha lori. Nilidhani atacheka. Akajifuta macho, akawasha tena.

Jioni tumekula makande, na Zakaria tukamkaribisha. Alikula ameinamisha kichwa. Atakayesoma haya anicheke mimi, mguu asiucheke.