Nyama Niliyoizika Baharini

Jumatano, 12 Novemba. Bahla, nyumbani.

Hili sijawahi kumwambia mtu. Ile shuwa ya Idi, nyama inayozikwa usiku kucha juu ya makaa, iliyosifiwa mpaka na majirani, sikuilinda mimi. Nililala! Nililala fofofo kando ya shimo, mdomo wazi, na moshi ulipoanza kutoboa udongo ni jirani aliyekuja kuziba. Asubuhi Ami Khalfan akanipiga bega mbele ya watu, akasema kijana huyu ana mkono wa marehemu babu yake. Nilitaka kusema ukweli. Lakini nina haya. Shuleni wamenifundisha Kiarabu na Kiingereza, na katika zote mbili ninachokijua vizuri ni kunyamaza.

Adhabu imefika leo. Kesho ukoo mzima tunakwenda kupiga kambi pwani ya Ashkhara, maana joto limekwisha na sasa ufukweni panakalika. Ami ametangaza: nyama ya kambi atazika Azzan. Peke yake. Ikitoka vizuri, nahamia hema la wanaume. Nina miaka kumi na sita na bado nalala hema la Bibi Zuwena na watoto wanne, mmoja wao kikojozi. Nikaitikia kwa kichwa. Ningefanya nini, nihutubie?

Alhamisi, 13 Novemba. Ufukweni.

Tumefika. Binamu yangu Muhannad katutangulia kutoka kwao Sur, mji wa pwani. Anajua upepo, anajua samaki, anafunga kamba za hema kwa mkono mmoja. Mtu wa kuchosha sana.

Nyama iko tayari: mapaja mawili ya mbuzi, yamepakwa bizari na siki, yamefungwa kwa majani makavu ya mgomba, yametiwa ndani ya gunia la makuti. Imebaki shimo tu. Tu! Mchanga wa karibu na mahema ni mkavu kama sukari. Nachimba, unajaa. Nachimba, unajaa. Watoto wakaketi kutazama kama wako sinema. Mmoja akauliza natafuta nini.

Kisha nikagundua. Nina akili, sijui kwa nini watu hawaoni. Kule chini mchanga ni mbichi, unasimama wima kama ukuta wa ngome yetu ya Bahla. Nikahesabu hatua mpaka kwenye maji: arobaini. Nani aogope maji yaliyo hatua arobaini? Nikachimba, nikapanga mawe, nikawasha kuni za mgunga. Makaa yalipoiva nikateremsha gunia, bati juu yake, mchanga juu ya bati. Alama: fimbo ya Ami, ile anayokwenda nayo harusini. Nimeiazima bila kumsumbua kwa kumwomba.

Muhannad akapita na ndoo ya samaki. "We Azzan, ndipo ulipopachagua hapo?" Akatazama shimo, akatazama bahari, akaniuliza kama nina hakika. Wivu mtupu! Nikamjibu kwamba sisi watu wa Bahla tulikuwa tunazika nyama watu wa Sur hawajaujua hata moto. Akacheka. "Haya, mkubwa," akaenda zake.

Baada ya magharibi nikawamiminia wanaume kahawa na kujibu maswali ya shuwa kwa sauti nzito. Nalala mapema. Kikojozi yuko kulia kwangu.

Ijumaa, 14 Novemba. Asubuhi.

Bahari imehama.

Pale palipokuwa na shimo langu pana mawimbi. Hakuna alama, hakuna bati, hakuna fimbo. Kaa mmoja tu, ananitazama kama mwenye nyumba. Maji kupwa na kujaa tulisoma darasa la saba, kwa lugha zote mbili. Nilipata tisini. Hakuna aliyesema yanajaa mpaka Ashkhara!

Sikulia. Nimepata mpango. Mbweha! Nimepiga magoti nyuma ya mahema na kuchora nyayo zake kwa vidole, mstari mrefu mzuri. Hata mimi nilianza kumwogopa.

Ijumaa, mchana.

Nikamwambia Ami, kwa huzuni kubwa, kwamba mbweha kafukua nyama. Nilisahau kwamba Ami kafuga ngamia miaka thelathini na nyayo anazisoma kama gazeti. Akainama. Akasema mbweha huyu anatembea kwa magoti. Kisha: "Nyama kaila, sawa. Na fimbo yangu kaenda nayo wapi, harusini?" Wanaume wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Masikio yangu yaliwaka, ungeweza kuchomea mkate.

Hapo Bibi Zuwena akaita kutoka nyuma ya magari. Usingizi umekupoteza, mwanangu, akasema, si uliihamishia huku jana? Muhannad alikuwa anafunua bati. Moshi! Harufu! Shimo jipya, kingo zake zimemwagiwa maji ya ndoo zisiporomoke. Maji ya ndoo. Rahisi hivyo. Nyama ilikuwa inaachia mfupa yenyewe.

Ami akala, akafumba macho, akasema mkono wa babu yake. Leo nalala hema la wanaume!

Baadaye Bibi akanivuta pembeni, akanieleza. Jana, mimi namimina kahawa kwa sauti nzito, Muhannad alimwendea, wakaifukua wawili na kuizika upya nyuma ya magari, yeye akichimba, Bibi akishika taa. Kumbe Bibi kazaliwa Sur. Sikuwahi kuuliza. Akasema hataniumbua. Ila kabla mahema hayajang'olewa niseme mwenyewe, mbele ya watu, kazi ilikuwa ya nani. "Husemi, basi unarudi kwangu ulale na wadogo zako."

Jumamosi, 15 Novemba. Bahla, jioni.

Ami anakoroma kama pampu ya maji. Nilimkumbuka kikojozi.

Sentensi yenyewe fupi: Muhannad ndiye aliyezika. Niliifanyia mazoezi mpaka alfajiri. Kwa Kiarabu ilipendeza, kwa Kiingereza ikawa kama maelezo ya polisi. Kwenye chai ya asubuhi, kambini, nikasimama. Wote wakageuka. Muhannad akaacha kumimina. Nikafungua mdomo na kusema nyama iliyobaki igawiwe watoto kwanza.

Wakasema kijana ana huruma.

Kisha Muhannad akaniletea fimbo ya Ami. Mawimbi yaliitupa mbali kule, kaiokota. "Mpe mwenyewe," akanong'ona, "usije ukapigwa nayo." Nikampa Ami. Akauliza imepatikanaje. Nikasema nimeitafuta ufukwe mzima. Ilinitoka yenyewe, wallahi! Muhannad akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Akaenda kufungua kamba zake.

Njia nzima Bibi alizungusha bangili zake, akinitazama. Ami akatangaza: Idi ijayo shimo la ukoo, mbuzi watatu, Azzan. Nikaitikia kwa kichwa.

Lakini nimejifunza, nakiri. Nimejifunza kwamba Muhannad hawezi kuona nyama inaharibika akanyamaza. Basi nitamwalika Idi, kwa heshima zote, na tandiko lake nitalitandika kando ya shimo, penye upepo. Radhi nitamwomba hapo hapo. Watu wakishakula.

Nasikia bangili za Bibi ukumbini. Na kuna kitu anakiburuta. Godoro. Dogo. Nalijua kwa harufu, la kikojozi. Ukurasa huu chini ya mkeka, upesi, kabla…